Mwalimu Aliyeikataa Ndiyo Yangu

Mwalimu wangu wa isimu alijua lugha saba, na katika zote saba sikuwahi kumsikia akisema pole. Naanza na hilo kusudi. Watu wakimsifu mbele yangu, na wanamsifu sana, mimi hunyamaza, halafu nikifika nyumbani naanza kugombana na sufuria. Alikuwa hodari, sikatai. Lakini alikuwa pia mtu wa kukuchosha roho mpaka ujiulize kwa nini hukusomea hesabu ukapumzika.

Nilisomea Kifaransa na isimu. Ukisema hivyo Kitengela lazima uketi chini ueleze. Wazazi wangu walitoka Ukambani wakifuata kazi ya kwari, baba akichonga mawe ya kujengea nyumba za watu wanaolala huku na kufanya kazi Nairobi, na kanisani kwetu kila mama alijua mtoto wa mwenzake anasomea nini. Huyu nesi, yule injinia. Ikifika zamu yangu, mama anasema "lugha", na mtu anauliza, "Lugha gani tena, na si anaongea tayari?" Isimu ndiyo ilikuwa balaa. Nilimweleza shemasi mmoja kwamba ni elimu ya jinsi lugha zinavyofanya kazi. Akanisikiliza vizuri mpaka mwisho, akafumba macho, akaniombea nipate kazi.

Mwalimu naye alikuwa na shahada ya juu kabisa katika elimu hiyo, lakini alikataa kuitwa Daktari tangu siku ambayo jirani alimletea mtoto mwenye kikohozi. Basi akawa Mwalimu kwa kila mtu, kuanzia sisi wanafunzi hadi muuza nyama. Alitoka wapi, hakuna aliyejua kwa hakika. Alikuwa akisalimia Wakamba kwa Kikamba, Waluo kwa Kijaluo, na akina mama waliokuja na maziwa kutoka upande wa Kajiado aliwasalimia kwa Kimaasai, polepole, mpaka salamu yote iishe, habari za watoto, za mifugo, za mvua. Kila kabila lilisema huyu ni wetu. Yeye hakukubali wala hakukataa.

Darasani aliingia na kioo cha pembeni cha pikipiki, alichokiokota barabarani, na hicho ndicho kilikuwa maabara yetu ya matamshi. Wafaransa wana irabu moja ambayo sisi hatuna: midomo inakaa kama unasema u, lakini ulimi ndani unasema i. Mwalimu alikushikia kioo usoni mbele ya darasa zima, ukaona midomo yako imechongoka, wenzako wanacheka, na yeye hacheki. "Siyo," anasema. "Tena." Ukifanya tena, "Siyo. Tena." Hakukuambia umekosea wapi. Ng'o! Siku yangu nilisimama pale mpaka machozi yakanilenga, na nilipoipata sauti yenyewe aliitikia kwa kichwa mara moja, akampa kioo mtu wa pili. Sijaipoteza sauti hiyo mpaka leo, na hilo nalo linaniudhi.

Alikuwa mtu wa kujipinga. Alitufundisha kwamba hakuna lugha bora kuliko nyingine, kwamba Sheng ina sheria zake kama Kilatini, akatupa mhadhara mzima kuthibitisha. Lakini nyumbani kwake mtoto wake akisema neno moja la Sheng mezani, kijiko kinawekwa chini. "Lugha zote ni sawa," alisema, "lakini kwa meza yangu mtakula kwa Kiswahili." Kifaransa chake kilikuwa safi hata wageni waliotoka Ufaransa walimuuliza alikaa huko miaka mingapi. Hakuwahi kukaa hata siku moja. Safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa kuvuka Namanga kwenda Arusha kwa mazishi, na alirudi kesho yake. Alihubiri kwamba mtafiti mzuri ni yule anayejua kunyamaza akamsikiliza mtu, awe mchungaji, awe mchuuzi. Sisi wanafunzi hakutusikiliza. Ukianza kujieleza, alikuwa ananoa penseli.

Hiyo penseli! Fupi, imetafunwa upande mmoja. Wahadhiri wengine waliwarudishia wenzangu kurasa zimejaa wino mwekundu, nao wanalalamika, na mimi nikitamani hata tone moja la wino huo. Mwalimu aliandika neno moja tu, juu kulia, kwa herufi ndogo. Aliandika: Rudi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mwaka wa mwisho kila mmoja wetu alipaswa kufanya utafiti wake, na bila sahihi ya msimamizi hakuna kuhitimu. Msimamizi wangu alikuwa yeye. Nilichagua majina ya rangi na mabaka ya ng'ombe kwa Kimaasai, nilinganishe na Kifaransa. Nilijiona mjanja. Na nilikuwa na haraka, kwa sababu nilikuwa nimepata nafasi ya kwenda Ufaransa mwaka mmoja kusaidia kufundisha shuleni. Barua ilikuwa imekuja. Mama aliiweka ndani ya Biblia yake. Mimi mtoto wa mchonga mawe, niliyejifunza Kifaransa kwa kioo cha pikipiki, ningeenda kukisikia kikisemwa na watu wanaokiongea sokoni. Walichotaka kwangu kilikuwa kitu kimoja, cheti.

Nikatafutiwa bibi mmoja mbele ya mji wa Kajiado, nyanya wa msichana niliyesoma naye. Nilimwita Kokoo, ndivyo Wamaasai wanavyomwita nyanya. Siku ya kwanza niliinamisha kichwa akaniwekea mkono, akanipa chai ya maziwa, akakaa chini kwa adabu zote kunihudumia. Mimi nikatoa orodha yangu. Nilikuwa nimeyakusanya maneno kutoka vitabuni, nimeyapanga kwenye jedwali, pembeni nafasi ya tiki. Nikawa nasoma. "Kokoo, ng'ombe mwenye baka hapa mnamwita hivi?" "Ee," anasema, ndiyo. "Na huyu mnamwita hivi?" "Ee, mtoto wangu." Jua halijateremka nilikuwa nimemaliza jedwali zima. Nilirudi Kitengela nikiimba.

Mwalimu alipokea kazi yangu kwenye veranda yake. Aliishi nyuma ya barabara ya kwari, na kila alasiri walipolipua mawe alikuwa akiinua kidole kabla tu ya mlipuko, ananyamaza, baruti inalia, vikombe vinatetemeka, halafu anaendelea na sentensi palepale alipoikatia. Siku hiyo alipindua kurasa zangu mpaka mwisho. Dakika chache tu. Akachukua penseli. Rudi.

"Nirudi nikafanye nini, Mwalimu?"

"Ukaulize tena."

Nikarudi Kajiado. Nikauliza tena, maneno yaleyale, Kokoo akanijibu majibu yaleyale, ee, ee, ee, na chai juu. Nikapeleka. Rudi. Nikafikiri tatizo ni mwandiko, nikapiga chapa upya. Rudi. Nikaongeza maswali, nikaongeza picha, nikaongeza sura nzima ya Kifaransa ambayo mpaka leo naiona ni nzuri. Rudi. Wenzangu walikuwa wanapima majoho. Mama aliniuliza jikoni, akiwa na mwiko mkononi, "Huyo mwalimu wako ako na shida gani na wewe? Umemkosea?"

"Sijui, mwaitu."

"Basi mwombe msamaha."

"Kwa kosa gani?"

"Hata kama hujui. Mtu mkubwa huombwa tu."

Nikaenda nikaomba msamaha kwa kosa nisilolijua. Wacha nikuambie, hakuna kitu kinachouma kama hicho. Mwalimu alinitazama kwa mshangao wa kweli, akasema hana kisa na mimi, akauliza kama nimerudi Kajiado.

Siku ya mahafali nilikuwa nyumbani. Akina mama wa kanisa walikuwa wameshashona sare ya kunisindikiza, kitenge cha bluu, na mama hakuwa na moyo wa kuwaambia, kwa hiyo nikaenda kuwaambia mimi, nyumba kwa nyumba. Mmoja wao alinikaribisha na kitenge amekivaa tayari. Baada ya hapo barua nyingine ikaja, ya kiungwana sana, kwa Kifaransa safi, kwamba kwa kukosa cheti nafasi yangu imepewa mwingine. Niliielewa kila neno. Mama aliitoa ile ya kwanza kwenye Biblia, na mimi nikamchukia Mwalimu. Nasema wazi. Nilimchukia.

Wiki tatu baadaye nilikuwa kwa Kokoo tena, kwa ukaidi tu, kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda. Nilikuwa nimechoka. Ng'ombe wake mweupe alikuwa amesimama karibu na boma, mweupe pe, hana hata doa, na mimi macho yameshuka mistari kwenye jedwali nikasoma neno la mweusi. "Kokoo, huyu ni narok?"

"Ee, mtoto wangu," akasema.

Nikaangalia ng'ombe. Nikaangalia karatasi. Nikamwangalia Kokoo, naye ananitazama kwa upole, anangoja swali lingine.

"Kokoo, huyu ni mweupe!"

"Ni mweupe," akakubali.

"Sasa mbona umesema ndiyo?"

Akacheka akijifunika mdomo. "Wewe mtoto umetoka mbali na karatasi yako. Kila wiki unakuja. Mimi nikuambie umekosa, kwa boma yangu, na hujamaliza chai? Hiyo si adabu. Mgeni hawezi aibishwa."

Maneno yote niliyokuwa nimekusanya, miezi yote ile, hayakuwa maneno. Yalikuwa ukarimu. Bibi wa watu alinikubalia jedwali zima kwa heshima, hata yale ambayo pengine hakuwahi kuyasikia maishani mwake, na mimi nikaweka tiki.

Niliondoka mbio. Mwalimu nilimkuta verandani anapangusa vumbi la kwari kwenye kadi zake, kwa sababu alihifadhi maneno ya lugha za watu kwenye kadi, ndani ya masanduku ya viatu, na vumbi la Kitengela halimheshimu msomi. Sikumsalimia hata.

"Ananiambia ndiyo kwa kila kitu!"

Akaweka kitambaa chini. "Umejuaje?"

"Nimekosea mwenyewe. Nimesema mweusi kwa ng'ombe mweupe, akakubali."

"Vizuri sana," akasema, na uso wake ulifurahi namna ambayo sikuwahi kuiona. "Sasa katika kila maswali kumi tia uongo mmoja, wa wazi. Mtu akiukubali uongo, futa yote kumi. Ndiyo ya mtu haina thamani mpaka uwe umesikia hapana yake. Na siku nyingine usimsomee neno. Muonyeshe ng'ombe, halafu unyamaze."

"Wewe ulijua?"

"Jedwali lako halikuwa na hapana hata moja. Hakuna mzee anayekubaliana na kitabu namna hiyo."

"Ulijua tangu siku ya kwanza! Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungesema ndiyo Mwalimu, ukaandika daftarini, ukasahau."

Basi. Hivyo tu. Nilingoja aseme neno lingine, lile dogo ambalo hata makanga wa matatu hulisema akikukanyaga mguu. Akazirudia kadi zake. Nikafanya kazi yote upya, nikifuata ng'ombe wa Kokoo kwa miguu, nikinyoosha kidole na kufunga mdomo, na Kokoo akawa anasema maneno ambayo hayakuwa kwenye kitabu chochote. Safari hii Mwalimu alitia sahihi. Nilihitimu mwaka uliofuata. Kitenge cha bluu walikivaa, na nilitabasamu kwenye picha.

Sasa nafundisha Kifaransa shule moja ya binafsi hapahapa Kitengela. Darasa likiitikia kwa pamoja, "Tumeelewa, madam," mimi hutia uongo. Nasema kitu cha kijinga kabisa kwa uso wa kanisani, na wakiandika najua hawajaelewa. Inafanya kazi kila mara. Naichukia jinsi inavyofanya kazi, kwa sababu kila mara ninabaki na swali lilelile: je, ilikuwa lazima inigharimu Ufaransa? Sentensi moja tu pale verandani, na ningekuwa nimeenda. Niliibeba hiyo hasira miaka yote kama kijiwe ndani ya kiatu. Sikutaka kingine kwake. Nilitaka siku moja akubali kwamba alinikosea.

Mwaka huu nikakutana na mke wake sokoni, sisi tulimwita Mama. Akanishika mkono. "Njoo umwone Mwalimu. Siku hizi amekuwa mpole sana."

Nikasema moyoni, leo ni leo. Nikaenda Jumamosi, nimeyapanga maneno. Nilimkuta veranda ileile, amevaa sweta, mikono juu ya magoti. Masanduku ya viatu yalikuwa yamepangwa ukutani, yamefungwa kamba. Mama akatuletea chai akaingia ndani.

"Shikamoo, Mwalimu. Unanikumbuka?"

"Ndiyo," akasema, akatabasamu.

Tabasamu hilo lilinivuruga, nikatoa yote kwa mara moja. "Ni mimi wa ng'ombe wa Kajiado. Ulinirudisha na kunirudisha. Nilikosa mahafali, nikakosa Ufaransa. Ungeniambia sentensi moja tu. Ulinikosea, Mwalimu. Si kweli?"

"Ndiyo," akasema, taratibu. "Kweli."

Jamani. Nilihisi kifua kimefunguka. Miaka yote ile, na sasa limetoka kwa urahisi hivyo, juu ya chai. Ningeinuka hapo nikaenda zangu, ningekuwa mtu mwenye amani kuliko wote Kitengela nzima. Lakini alikwisha kunifundisha. Mdomo ulinitangulia.

"Na baadaye tukaenda Ufaransa pamoja, mimi na wewe," nikasema. "Tukakaa mwaka."

"Ndiyo," akasema Mwalimu. "Ndiyo, mama."

Kwari ikalipuka, vikombe vikatetemeka. Kidole chake hakikuinuka. Alishtuka, akatazama mlangoni alikoingia mkewe, halafu akanitabasamia tena kwa adabu, na nikajua hanikumbuki, anangoja tu swali lingine ili anikubalie. Mgeni haaibishwi. Maswali kumi, yote yafutwe. Laiti ningebaki yule mwanafunzi mjinga, ningeondoka na ndiyo yangu.

Nilikasirika, usinione mbaya. Nilikasirika naye kwa kuondoka bila kunijibu akiwa ameketi palepale. Nikanywa chai imepoa. Nje, ng'ombe walikuwa wanapita barabarani kati ya nyumba za kupanga, wakitafuta majani pembeni mwa mitaro, na mmoja akasimama mbele ya geti. Sikuwa hata na nia. Nilinyoosha kidole ili nipate la kusema kabla ya kuaga.

"Ona, Mwalimu. Nanyokie, mwekundu."

Akageuka. Akamtazama yule ng'ombe muda mrefu, macho yamekazwa.

"Hapana," akasema.

Nikaweka kikombe chini.

"Hapana. Huyo ni mugie. Mwekundu hana kahawia hiyo mgongoni. Angalia vizuri." Sauti ilikuwa ileile ya darasani, kavu, haina huruma hata kidogo. "Nani alikufundisha wewe?"

Huyo mtu aliniandikia hapana zake kwa penseli mpaka nikamchukia, na sasa nilikuwa nimeketi kwenye veranda yake nalia kwa furaha ya kukataliwa.

"Ni wewe, Mwalimu," nikasema mwishowe. "Wewe ndiye ulinifundisha."

Akanitazama, akafikiri.

"Ndiyo," akasema.

Ndiyo hiyo sikuitilia uongo. Nilimshukuru, nikamuaga Mama, nikaenda nyumbani.